Fundi Fausti wa Kwenye Filamu

Tulimzika mama mdogo Anasia mlimani kwetu, kwenye migomba ya baba yake, na mvua ilitusubiri mpaka mchungaji alipomaliza. Watu walipokimbilia turubai nikajikuta nimebanana na mzee mmoja mwembamba, anapuliza wali kwenye sahani ya plastiki. Aliniita kwa jina langu. Sikumjua mpaka aliposema, "Mimi Profesa bwana, wa kibanda cha video kule mjini, Levolosi." Nikamwamkia. Mwili wote ulikuwa umeisha, lakini sauti ilikuwa ile ile, nzito, ya kutoka tumboni. Tuliongea habari za marehemu, jinsi alivyougua, nani alimuuguza. Halafu akainama kidogo akaniuliza, "Na yule fundi, mliwahi kumwona tena?" Nikasema hapana. Akachota wali, akaurudisha kwenye sahani. "Mimi nilikuwa natania tu," akasema. Sikumuuliza alitania nini, maana wote wawili tulijua. Tangu siku ile nimeandika habari hii mara kadhaa na kuichana, kwa sababu mimi shule yangu iliishia darasa la saba, na kila nikisoma nilichoandika naona nimeegemea upande. Safari hii nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata wale nisiowapenda.

Mwaka ule wa yule fundi nilikuwa na miaka ishirini, naishi na mama mdogo kwenye nyumba ya kupanga. Chumba kilikuwa kimoja, tumekigawa kwa pazia la maua: upande wa dirisha kitanda chake, upande wa mlango godoro langu, masufuria, na gunia la mchele ambalo ndilo lilikuwa kiti cha wageni. Uani kulikuwa na bomba moja kwa wapangaji wote, kwa hiyo mambo ya nyumba ile yalisemwa bombani na kusikika kila chumba. Mbele, barazani, mama mdogo alikuwa na mgahawa wake. Asubuhi chai na chapati, mchana makande au ndizi nyama, na Jumamosi loshoro, yale mahindi na ndizi za kupondwa na maziwa ya mgando, ambayo watu wa mlimani waliohamia mjini walikuja kuyala kimya kama wako kanisani. Mimi nilikuwa wa kuosha vyombo na kupeleka sahani. Mtu anayepeleka sahani husikia mengi, kwa sababu watu hawanyamazi kwa ajili yake.

Fundi Fausti alikuwa na banda la kutengeneza masofa mtaa wa nyuma. Alikuwa mtu wa Ngara, huko mpakani, ndivyo alivyosema, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha. Alikula kwetu kila mchana, siku zote meza ya pembeni, mgongo ukutani, macho barabarani. Hilo la mgongo ukutani sikuliona kuwa kitu mpaka baadaye, na sasa siwezi kujua kama ni jambo la kweli au nililipa uzito mimi mwenyewe. Alipomtaka mama mdogo hakumtuma mtu. Alimwambia mwenyewe huku anarudisha sahani, "Dada Anasia, makande haya nikiendelea kuyanunua nitazeeka bado mgeni. Si bora nihamie jikoni?" Mama mdogo alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, na watu walikuwa wameshaacha kumuuliza ataolewa lini, jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko kuulizwa. Tangu siku ile akaanza kuimba akimenya ndizi. Hata babu huko mlimani alimpenda Fausti mapema. Fausti alipandishwa kwenda kusalimia, akakuta wanakata mgomba wa kulisha ng'ombe, akachukua panga akakata vipande vyembamba, sawasawa, haraka. Babu akasema, "Huyu ni mtu wa migomba. Huyu ni wetu."

Sasa nieleze kibanda cha video, kwa sababu vijana wa leo wanaona filamu kwenye simu na hawataelewa. Kilikuwa chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja kubwa juu ya meza iliyofungwa kwa mnyororo. Filamu zilikuwa za Kiingereza au za Kichina, na Profesa alikaa pembeni na maikrofoni akitueleza kwa Kiswahili kinachoendelea. Kusema alikuwa anatafsiri siwezi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Aliangalia picha, akatunga. Na mtindo wake uliopendwa mtaa mzima ni kwamba watu wa kwenye filamu hakuwaita kwa majina yao, aliwaita kwa majina yetu. Mwanamke mnene akitokea, "Mama Glori huyo, anatafuta mume wake baa!" na Mama Glori, jirani yetu wa chumba cha tatu, angepiga kelele kutoka benchi la nyuma, "Ukome, Profesa! Ukome!" huku anafurahi. Kutajwa ilikuwa heshima. Kuna watu walimnunia kwa sababu hawajawahi kutajwa.

Jumapili moja baada ya ibada Profesa alileta filamu mpya. Kwenye jalada palikuwa na vilima na mtoto wa kike anayetazama pembeni. Ilikuwa ya habari za mauaji ya Rwanda, na kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni, kwa sababu kesi za mambo yale zilikuwa zinasikilizwa hapa hapa mjini, na sisi wa mitaani hatukujua kitu zaidi ya magari meupe yaliyopita na vioo vimefungwa. Tulitaka kuona. Mama mdogo alikaa benchi la mbele na Fausti, mimi nyuma yao na Mama Glori. Nina hakika Profesa hakuwa ameiangalia kwanza, maana alianza kama siku zote. Akatokea mwanamume mmoja mrefu, mpole, kofia imelala upande kama Fausti alivyozoea kuvaa, anamtengenezea jirani yake mlango. Profesa akadaka hapo hapo: "Jamani, fundi Fausti huyu! Kaacha masofa, sasa ni milango! Dada Anasia, mwambie mumeo asisahau chenji!" Kibanda kikavunjika kwa kicheko. Fausti naye alicheka, akainua mkono kuwapungia watu. Ule mkono ninaukumbuka. Mama mdogo alimpiga bega.

Halafu filamu ikageuka. Sitaeleza yote, na mengine sikuyaona kwa sababu nilijifunika khanga. Ninachotaka kusema ni hiki: mwanzoni kuna watu waliocheka hata panga la kwanza lilipoinuka, wala hawakuwa watu wabaya, walizoea kwamba kwenye kibanda kile mtu akipigwa huamka filamu inayofuata. Kisha kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akambeba mtoto wake akatoka. Kilichonitisha mimi hakikuwa damu. Migomba ile ilikuwa kama ya kwetu, njia ile ya udongo kati ya ua na ua ilikuwa kama ya kushuka kwa babu, na wale watu walikuwa wanasalimiana. Asubuhi walisalimiana, wakaulizana habari za watoto. Na yule fundi mpole ndiye aliyekuja kugonga mlango alioutengeneza mwenyewe, akaapa kwa Mungu kuwa hakuna kitakachowapata, wakamfungulia. Profesa hapo hakuwa na jina lingine la kumwita. Alishampa jina. Alisema mara mbili, sauti imeshuka, "Fausti anagonga... Fausti anasema fungueni," halafu kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaweka maikrofoni chini. Tukabaki na Kiingereza chao na vilio. Na watu, mmoja mmoja, wakaanza kugeuza shingo kutazama benchi la mbele. Fausti akainuka. Hakukimbia, naandika hivyo kwa sababu baadaye walisema alikimbia. Aliinuka, akavaa kofia yake, akapita katikati ya magoti ya watu akisema samahani, samahani, akatoka.

Kesho yake bombani hapakuwa na habari nyingine. Mama Glori ndoo ilijaa ikamwagika yeye bado anasema. "Umeona alivyotoka? Mtu asiye na lake anatokaje?"

"Mbona Mama Happy naye alitoka," nikamwambia.

"Mama Happy ana mtoto mdogo. Yeye ana nini?"

"Ametajwa jina, Mama Glori. Hata wewe ungetoka."

"Mimi nimetajwa mara ngapi? Nimewahi kutoka?" Akajitwika ndoo. "Ngara, Ngara! Nani kati yetu amefika Ngara? Mtu anaweza kukuambia anatoka mwezini."

Kwa haki nitasema Mama Glori hakuwa mchawi wa maneno tu. Alilia kwenye kibanda kuliko sisi wote, alilia kwa kwikwi, na wiki nzima hakula nyama. Alikuwa na hofu, na hofu ilitaka mtu wa kukaa juu yake. Na hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Ni kweli lugha ya watu wa Ngara na ya ng'ambo, Rwanda, zinasikilizana. Ni kweli miaka ile watu walivuka mpaka kwa wingi, waliokimbia kuuawa na waliokimbia kwa sababu waliua, wakachanganyika. Ni kweli mjini kwetu mtu angeweza kubadilisha jina na asiulizwe na mtu. Nilizipanga hoja hizi usingizini, huku na huku, kama mtu anayepanga sahani, na kila upande ukijaa nilianza upya. Panga letu la jikoni nilikuwa naliweka chini ya godoro langu siku zote. Nikalihamishia uani. Nilijiambia ni kwa sababu ya kutu.

Mambo yalikwenda polepole kama maziwa yanavyoganda. Wateja wa mchana wakaacha kukaa meza ya pembeni, hata siku ambazo Fausti hakuwepo. Mwanamume mmoja dereva, aliyekuwa akitaniana naye kila siku, akaanza kumwita "mzee" kwa adabu. Watoto wakawa wanapita bandani kwake wanapiga kelele, "Fausti wa filamu! Fausti wa filamu!" Sofa moja iliyokuwa imeshapimwa kitambaa mwenyewe alikuja kuichukua bado haijashonwa, mbao tupu, akasema amepata safari. Na yale yaliyompendeza babu sasa yakageuka. Nilimsikia mjomba Aminieli, kaka mkubwa wa mama mdogo, aliposhuka kutoka mlimani kuja kusikiliza kilichosemwa, akiuliza kwa sauti ya chini nyuma ya pazia: "Lile panga alijifunzia wapi kulishika vile?" Mama mdogo akamjibu, "Kwani wewe ulijifunzia wapi, kaka?"

Mama mdogo ndiye aliyemtetea, peke yake, kwa sauti. Alimfukuza Profesa barazani kwa mwiko wenye uji. Alimwambia Mama Glori akitaka kusema aseme mbele ya mtu mwenyewe. Lakini siku moja mchana, wateja wameisha, Fausti amekaa kwenye gunia la mchele ndani, na mimi nakaanga vitunguu mlangoni, mama mdogo mwenyewe akamuuliza.

"Fausti. Kwa nini ulitoka?"

"Watu walikuwa wananiangalia."

"Hilo tu?"

"Wewe mwenyewe uligeuka ukaniangalia, Anasia."

Vitunguu vikaanza kuungua, sikuvigeuza. Mama mdogo akasema, "Mwaka ule wa mambo yale ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Ngara. Watu walivuka daraja la mpakani siku nzima na usiku. Tuliwapa maji."

"Kuna mtu anaweza kusema alikuona?"

"Nani? Waliokunywa?" Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda. Siwezi kusema kwa nini sikukipenda. "Kuapa nitaapa ukitaka," akasema. "Lakini hata yule wa kwenye filamu aliapa."

Mama mdogo hakumwapisha. Akainuka akanipokonya mwiko, akasema nitachoma nyumba.

Kwetu mtu hachumbiwi mpaka ukoo umekwenda kuulizia. Wazee huenda kijijini kwa mwanamume, wakaketi kwa jirani zake, si kwake, wakauliza taratibu: kwao kuna wendawazimu, kuna uchawi, kuna aliyemwaga damu ya mtu? Kwa kawaida ni mwendo wa asubuhi moja, unarudi umekunywa pombe ya ndizi. Safari hii ilikuwa ni kuvuka nchi kwa mabasi. Akapewa mjomba Aminieli kazi hiyo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mashaka zaidi, na babu alisema mwenye mashaka ndiye mwenye macho. Mjomba akaondoka na koti lake la Krismasi. Alikaa muda mrefu, tukaanza kudhani ameugua njiani. Aliporudi alipita kwetu kwanza, akaomba chai, akasema maneno machache: amefika, amewaona kaka zake Fausti, amekaa kwa jirani na kwa katekista, ameonyeshwa kaburi la mama yake. Fausti ni mtoto wa pale, amekulia pale, hana doa. "Waliniuliza kwa nini anachelewa kuoa," akasema. Mama mdogo alijifunika uso kwa khanga akalia kwa furaha.

Mimi nikamuuliza mjomba Ngara pakoje. Akanywa chai. "Pana migomba," akasema. Jibu hilo hata mimi ningeweza kulitoa bila kupanda basi. Ikanijia kwamba labda aliishia njiani, kwa rafiki, akaona dada yake amezeeka peke yake na kwamba uongo mmoja wa huruma hautamuua mtu. Naandika hili kwa kusitasita. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache maisha yake yote, na katika miaka yote niliyomjua sikumkamata na uongo hata mmoja. Lakini ndivyo nilivyowaza, na hiyo ndiyo hali ambayo filamu ile ilituacha nayo: hata habari njema ilipokuja tuliigeuza kutafuta mshono.

Sherehe ya kumpokea ilifanyika mlimani. Mbuzi alichinjwa na vijana, akachomwa nyuma ya nyumba. Kwenye ukoo wetu mkwe akikubaliwa hukabidhiwa kisu mbele ya wazee, akakata nyama na kuwagawia, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Ndiyo muhuri wenyewe. Mpaka hapo watu walikuwa wamechangamka, Mama Glori naye alikuja, amevaa gauni jipya, amemwomba Fausti msamaha wa jumla jumla, "kama kuna mahali nimekukwaza, shemeji." Mjomba Aminieli akainuka, akafuta kisu kwenye jani la mgomba, akampa. Fausti akakipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akakunja mkono wa shati. Akashika paja la mbuzi kwa mkono wa kushoto.

Ndipo mazungumzo yakafa. Hakuna aliyesema tunyamaze. Babu alikuwa katikati ya hadithi, akaiacha. Watu kama thelathini, wazee kwa wanawake, wote wakawa wanatazama kitu kimoja: mkono wa kulia wa Fausti, utashuka vipi. Hata waliomtetea. Mimi nasema sikuutazama, lakini ningewezaje kujua kwamba kidole gumba alikilaza juu ya mgongo wa kisu, na kwamba kucha yake ilikuwa na gundi ya masofa? Alikata pande la kwanza. Akainua macho. Akatuona. Akatuzungukia wote kwa macho taratibu mpaka akafika kwa mama mdogo, aliyekuwa amesimama na bakuli la chumvi, na nikaona mama mdogo anainamisha uso haraka, kama mtu aliyekutwa anachungulia dirisha la watu. Fausti akakilaza kisu juu ya majani. "Baba," akamwambia babu, "mkono wangu una jeraha la msumari. Naomba kijana mmoja anisaidie kugawa." Hakukuwa na jeraha. Kijana akaja. Fausti alinawa, akakaa, akala, akasifia nyama, akaaga kila mtu kwa mkono.

Jioni tulikuwa mferejini mama mdogo na mimi, tunasugua masufuria kwa majivu. Mjomba akaja akasimama juu yetu, anataka kujua siku ya kupeleka habari kanisani. Mama mdogo akasema, "Hakuna siku, kaka. Mwambieni hapana."

Mjomba alidhani hakusikia. "Hapana nini? Nimeenda mpaka Ngara!"

"Najua umeenda."

"Nimekwambia hana doa. Hukuniamini?"

"Nimekuamini." Aliendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata. "Ungerudi na mabaya ningemtetea, ningegombana na wewe na baba mpaka mwisho. Umeniletea mazuri, sina tena wa kugombana naye. Na leo nimeangalia mkono wake kama walivyouangalia wao. Nitaishije na mtu, kila akikata mkate niko mlangoni naangalia? Yeye amekosa nini mpaka nimfanyie hivyo?"

Mjomba alisema maneno ya hasira ambayo sitayaandika, alikuwa amechoka. Mama mdogo akachukua sufuria jingine. Hakuolewa baadaye, na siku alipougua mwisho hakulitaja jina la Fausti, ingawa nilikaa naye usiku na mchana na nilikuwa nasubiri alitaje.

Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea Fausti jibu, kwa sababu mjomba alikataa na mama mdogo hakuweza. Nilimkuta bandani, amepiga magoti, misumari midomoni, anavuta kitambaa cha kijani juu ya mgongo wa kiti. Nikamwambia shikamoo, nikamwambia nilichotumwa, sikuongeza wala kupunguza. Aliitoa misumari mdomoni mmoja mmoja akaiweka kiganjani.

"Kasema yeye, au kasema mjomba wako?"

"Yeye mwenyewe."

Akatazama kile kiti. "Afadhali," akasema.

Kisha akarudisha misumari mdomoni, kwa hiyo hata kama nilikuwa na swali, hakuwa na mdomo wa kunijibu. Haukupita muda banda likafungwa. Wengine walisema amerudi Ngara, wengine walisema amevuka mpaka, na Mama Glori, naomba nimwandikie na hili, alilia tena.

Neno lile, "afadhali," ninaishi nalo. Asiye na kosa angeweza kulisema, kwa maana amekataliwa na mtu aliyempenda, kwa uamuzi wake mwenyewe, si na kikao cha ukoo. Mwenye kosa naye angeweza kulisema, kwa maana kuanzia hapo hakuna tena atakayemuuliza kitu. Baada ya mazishi, nikiwa peke yangu jikoni, nimejaribu kulitamka kwa sauti yake, kwanza kama asiye na kosa, halafu kama mwenye kosa. Linatoka vile vile.